Ukali, Nishati na Mtawanyiko: Jinsi Mionzi Inavyopiga Picha Moyo wa Chuma

Mtu apitaye Chang'ombe, jijini Dodoma, au katika mtaa wowote wa mji unaojengwa, hakosi kumwona fundi akichomelea geti au dirisha la chuma. Kazi ikimalizika, mwenye geti hutazama mahali vyuma vilipoungwa, na akiona mstari ulionyooka na kupakwa rangi vizuri, huridhika. Kwa geti, kutazama kwa macho kwatosha. Kiungo kikiachia, fundi ataitwa tena. Lakini si kila kiungo cha chuma kinachoweza kungojwa kiachie ndipo kitengenezwe.

Tuchukue mfano wa bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, nchini Uganda, hadi Chongoleani, karibu na Tanga. Makubaliano ya serikali hizi mbili kuhusu bomba hilo yalitiwa sahihi mwaka 2017. Urefu wake ni kilomita 1,443, na katika nchi yetu njia yake inapita mikoa minane, Dodoma ukiwa mmojawapo. Tukichukulia kwamba kila kipande cha bomba kina urefu wa mita 18, basi yahitajika maungio yapatayo 80,000. Kila kiungo kitafukiwa ardhini, na kila kimoja kitabeba shinikizo kubwa kwa miaka mingi. Kiungo kimoja kibovu chaweza kumwaga mafuta katika shamba la mtu au katika chanzo cha maji ya kijiji.

Ubovu wa kiungo mara nyingi hauonekani kwa nje. Ndani yake huweza kuwamo vitundu vya hewa, mabaki ya takataka za kuchomelea, au ufa mwembamba kuliko unywele. Ili kuyaona mambo hayo pasipo kukata chuma, wataalamu hutumia mawimbi ya sauti yenye marudio makubwa, au hupiga picha kwa mionzi. Njia hii ya pili ndiyo iitwayo radiografia ya viwandani. Katika makala haya tutaeleza mambo matatu yanayoitawala kazi hiyo: ukali wa mionzi, nishati ya mionzi, na mtawanyiko wa mionzi. Watu wengi huyachanganya mambo haya, na kuyachanganya kuna hasara mbili. Kwanza, picha huweza kusema uongo. Pili, mtu huweza kupoteza kiungo cha mwili wake, au hata maisha.

Picha ya kivuli

Mwezi Novemba 1895, mwanafizikia Wilhelm Röntgen, akiwa Würzburg, Ujerumani, aligundua mionzi isiyoonekana ambayo iliweza kupenya vitu visivyopitisha mwanga. Mionzi hiyo ndiyo tunayoiita eksirei. Mwaka uliofuata, Henri Becquerel wa Ufaransa aligundua kwamba madini ya urani hutoa mionzi yenyewe, bila kuwashwa na mtu. Radiografia ya leo hutumia njia zote mbili: ama mashine ya eksirei iendeshwayo kwa umeme, ama kipande kidogo cha madini kinachotoa mionzi ya gama. Porini ambako hakuna umeme, njia ya pili ndiyo rahisi zaidi. Madini yatumikayo sana ni iridi-192. Kwa chuma kinene zaidi hutumika kobalti-60.

Kazi yenyewe ni rahisi kuielewa. Chanzo cha mionzi huwekwa upande mmoja wa chuma, na filamu huwekwa upande wa pili. Mionzi inayofaulu kupenya huigusa filamu na kuifanya iwe nyeusi. Palipo na kitundu, chuma ni chembamba kidogo. Kwa hiyo mionzi mingi zaidi hupita, na filamu hapo huwa nyeusi zaidi. Picha ya radiografia, basi, ni kivuli cha chuma, na mkaguzi husoma tofauti za weusi katika kivuli hicho.

Ukali wa mionzi

Mionzi ya eksirei na ya gama husafiri kwa mafungu madogo madogo ya nishati yaitwayo fotoni. Ukali wa mionzi mahali fulani ni jumla ya nishati inayoletwa na fotoni zote zinazopita, kwa kila sekunde, katika eneo la sentimita moja ya mraba. Ikiwa fotoni zote zina nishati sawa, basi ukali hutegemea idadi yake tu: fotoni zikiwa maradufu, ukali nao huwa maradufu.

Ukali hubadilika kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni umbali. Fotoni zitokazo katika chanzo kidogo hutapakaa pande zote, kama mwanga wa koroboi iliyowekwa katikati ya chumba. Ukienda mbali mara mbili, fotoni zile zile hutandazwa juu ya eneo kubwa mara nne. Ukali hubaki robo. Ukienda mbali mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Hii ndiyo kanuni ya kinyume cha mraba wa umbali.

Sababu ya pili ni kuchakaa kwa chanzo. Atomi za iridi-192 huvunjika kidogo kidogo, na baada ya siku 74 hivi nusu yake huwa zimekwisha. Muda huo huitwa nusu-maisha. Nusu-maisha ya kobalti-60 ni miaka 5.27. Kwa hiyo fundi aliyepiga picha kwa dakika tatu leo, atahitaji dakika sita baada ya siku 74, akitumia chanzo kile kile cha iridi.

Nishati ya mionzi

Nishati tunayoizungumzia hapa ni ile iliyobebwa na fotoni moja moja. Wakulima wa nyanda zetu za kati watalielewa jambo hili kwa kulinganisha mvua. Rasharasha inayonyesha usiku kucha huweza kujaza pipa kuliko mvua ya mawe ya dakika tano. Lakini itoboayo majani ya mtama ni mvua ya mawe. Kujaa kwa pipa kwategemea jumla ya maji yote. Kutoboka kwa jani kwategemea nguvu ya kila tone. Vivyo hivyo, ukali ni jumla ya vyote vinavyofika, na nishati ya fotoni ndiyo inayoamua kama mionzi itapenya au haitapenya.

Nishati ya fotoni hupimwa kwa elektronivolti. Fotoni nyingi za iridi-192 zina nishati iliyo kati ya elektronivolti 300,000 na 600,000. Kobalti-60 hutoa fotoni za namna mbili: za elektronivolti 1,170,000 na za 1,330,000. Namba hizo ni tabia ya atomi yenyewe, wala hazibadiliki kwa umri. Baada ya siku 74 chanzo cha iridi hutoa nusu ya fotoni kilizokuwa kikitoa, lakini kila fotoni ina nishati ile ile ya siku ya kwanza. Hali kadhalika, kusogea mbali hupunguza ukali, lakini fotoni inayomfikia mtu aliye mita mia moja, ikiwa haijagonga kitu njiani, ina nguvu ile ile ya kupenya kama inayomfikia aliye mita moja.

Katika mashine ya eksirei, fundi anaweza kuyabadili mambo haya mawili kwa vitasa viwili. Akiongeza miliampea, huongeza idadi ya fotoni tu. Akiongeza kilovolti, huongeza nishati ya fotoni, na pamoja nayo ukali pia hupanda.

Hapa katika nyanda za kati tuna mfano mwingine. Habari za madini ya urani katika maeneo ya Bahi na Manyoni zimesikika kwa miaka mingi. Katika ukoo wa urani imo atomi ya bismuthi-214, ambayo hutoa fotoni zinazofikia elektronivolti 1,760,000, yaani zenye nishati kubwa kuliko zile za kobalti-60. Mbona basi mtu hatembei juu ya ardhi ya namna hiyo akaungua? Kwa sababu fotoni hizo ni chache na zimetapakaa katika eneo kubwa: nishati ni kubwa, lakini ukali ni mdogo sana. Tusifikiri kwa hiyo kwamba madini hayo hayana madhara kabisa, maana vumbi lake likivutwa pumuani, au maji yake yakinywewa, hilo ni jambo lingine.

Nishati kubwa si bora siku zote

Mionzi ikipita katika chuma hupungua kwa uwiano. Unene unaopunguza ukali hadi nusu huitwa unene-nusu. Kwa chuma, unene-nusu wa mionzi ya iridi-192 ni takriban milimita 12.5, na wa kobalti-60 ni takriban milimita 22. Basi bamba la chuma la milimita 50 huruhusu sehemu moja tu katika kumi na sita ya mionzi ya iridi, bali huruhusu kama sehemu moja katika tano ya mionzi ya kobalti.

Mwanafunzi huweza kuuliza: kama kobalti hupenya zaidi, kwa nini isitumike siku zote? Jibu limo katika picha. Tuseme ndani ya kiungo mna kitundu chenye kina cha milimita 2. Hapo mionzi hupita chuma kilichopungua kwa milimita 2. Tukifanya hesabu kwa unene-nusu, ukali nyuma ya kitundu huzidi ule wa pembeni kwa asilimia 12 hivi kwa iridi, lakini kwa asilimia 6 na nusu tu kwa kobalti. Fotoni yenye nishati kubwa mno hupita katika chuma kizima na katika kitundu karibu sawasawa, na kwa hiyo kivuli hufifia. Fundi hodari huchagua nishati inayotosha kupenya, wala haizidishi.

Mtawanyiko

Kufikia hapa tumezungumza kana kwamba fotoni ama hupita moja kwa moja ama humezwa. Kuna njia ya tatu. Mwaka 1923 Arthur Compton, mwanafizikia wa Marekani, alieleza kwamba fotoni ikigonga elektroni huweza kuisukuma, kisha yenyewe ikaendelea na safari kwa mwelekeo mwingine, ikiwa imepungukiwa nishati. Kwa kazi hiyo alipata nishani ya Nobel mwaka 1927. Fotoni ya elektronivolti 400,000 ikipinda kwa pembe mraba hubakiwa na takriban 224,000. Ikirudi nyuma kabisa hubakiwa na takriban 156,000. Katika nishati zinazotumika kukagulia chuma, tukio hili ndilo la kawaida kuliko mengine.

Aliyewahi kusafiri usiku kwa gari wakati wa kiangazi, nyuma ya lori linalotimua vumbi, ameona jambo linalofanana na hili. Mwanga wa taa hugonga chembe za vumbi, hupinda pande zote, na dereva huona weupe mtupu mbele yake. Taa hazikupungua, ila mwanga uliopotea njia umeufunika ule unaoleta habari.

Ndivyo ilivyo kwa filamu. Fotoni iliyonyooka hueleza jambo la kweli kuhusu mahali ilipopita. Fotoni iliyotawanyika hufika mahali pasipo pake, na huongeza weusi bila kuongeza habari. Turudi kwenye kitundu chetu cha milimita 2. Ikiwa mionzi iliyotawanyika inayofika kwenye filamu ni sawa na ile iliyonyooka, tofauti ya asilimia 12 hupungua na kuwa asilimia 6. Ikiwa ni mara mbili ya iliyonyooka, hubaki asilimia 4. Kitundu bado kimo ndani ya chuma, lakini katika picha kimetoweka, na mkaguzi huweka sahihi kwamba kiungo ni kizima.

Kwa sababu hiyo mafundi hutumia mbinu kadhaa. Huweka kolimeta, yaani kifuniko cha metali nzito chenye tundu, ili mionzi ielekee panapotakiwa tu. Huweka bamba jembamba la risasi mbele ya filamu limeze fotoni dhaifu zilizotawanyika, na bamba jingine nyuma yake lizuie zile zinazorudi kutoka ardhini au ukutani. Mara nyingi hubandika herufi ya risasi nyuma ya kasha la filamu. Herufi hiyo ikitokea katika picha, ni ushahidi kwamba mionzi imerudi kutoka nyuma, na picha hupigwa upya.

Kutoka kwenye chuma hadi kwa binadamu

Mambo haya matatu yanayotawala picha ndiyo yanayotawala usalama wa watu. Tuchukue chanzo cha iridi-192 chenye uwezo wa terabekereli 1, ambacho si kikubwa katika kazi hii. Kikiwa wazi, mtu aliye umbali wa mita 1 hupata milisiveti 130 hivi kwa saa. Kwa mita 10 hupata milisiveti 1.3 kwa saa, na kwa mita 100 hupata 0.013. Kiwango cha juu kinachokubaliwa kimataifa kwa mwananchi wa kawaida ni milisiveti 1 kwa mwaka mzima, na kwa mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Kwa hiyo mpita njia akisimama mita 10 kwa saa moja amekwisha pita kiwango chake cha mwaka.

Sasa tugeuze hesabu upande wa pili. Kwa umbali wa sentimita 1, ukali huzidi ule wa mita 1 mara 10,000. Nyama ya mwili iliyo karibu hivyo hupata zaidi ya milisiveti 20,000 kwa dakika moja. Kipande chenyewe hakina ukubwa wa punje ya hindi, hakiwaki, hakinuki, wala hakimchomi anayekishika papo hapo.

Yaliyotokea katika nchi nyingine yatufundishe. Nchini Morocco mwaka 1984, chanzo cha iridi kilianguka kutoka katika chombo chake. Kibarua alikiokota akaenda nacho nyumbani, na watu wanane walifariki. Huko Yanango, Peru, mwaka 1999, mchomeleaji alikiokota chanzo kama hicho akakitia mfukoni kwa saa kadhaa, alikatwa mguu. Katika kijiji cha Mit Halfa, Misri, mwaka 2000, mkulima alikiokota akadhani ni kitu cha thamani. Yeye na mwanawe walifariki. Kati ya watu hao hakuna aliyekuwa mtaalamu wa mionzi. Walikuwa vibarua, wachomeleaji na wakulima, yaani watu wa namna ile ile ambao bomba au mtambo hupita karibu nao.

Hapa nchini, Sheria Namba 5 ya mwaka 1983 iliunda Tume ya Taifa ya Mionzi. Baadaye Sheria Namba 7 ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo hutoa vibali na kukagua matumizi ya mionzi. Lakini sheria haiwezi kusimama kila mahali penye kamba ya uzio. Mwananchi hana budi kujua kanuni tatu. Asivuke uzio wenye alama ya mionzi, hata kama haoni kitu kinachoendelea. Asijidhani salama kwa kujificha nyuma ya ukuta, kwa maana mionzi iliyotawanyika hupinda na kumfikia. Mipaka ya uzio huthibitishwa kwa kipima mionzi, si kwa macho. Na akiona kipande cha chuma kidogo kinachong'aa au waya mfupi usiojulikana mahali palipokuwa na kazi ya namna hii, asikiguse; aende mbali, awazuie wengine, na atoe taarifa kwa polisi au kwa Tume.

Aidha, wengine huogopa kwamba bomba lililopigwa picha hubaki na mionzi. Hofu hiyo haina msingi. Mionzi ya iridi au ya kobalti haikifanyi chuma kuwa chanzo kipya, kama vile ukuta uliomulikwa kwa tochi usivyobaki ukiwaka.

Majaribio mawili ya darasani

Mwalimu anaweza kuyaonyesha mambo haya bila kutumia mionzi ya hatari.

Jaribio la kwanza. Ondoa kioo cha mbele na kiakisi cha tochi ili balbu ibaki peke yake. Kata tundu la mraba la sentimita 2 kwa 2 katika kadi nyeusi, uiweke sentimita 20 kutoka kwenye balbu. Weka karatasi ya grafu kwa umbali wa sentimita 40 kutoka kwenye balbu, kisha 60, ukihesabu miraba iliyomulikwa. Utapata eneo la sentimita za mraba 16, kisha 36. Mwanga ni ule ule uliopita katika sentimita za mraba 4.

Jaribio la pili. Jaza maji katika chombo cha kioo chenye pande bapa. Bandika msalaba mdogo wa karatasi nyeusi upande wa tochi, na karatasi nyeupe upande wa pili ipokee kivuli. Tia maziwa tone baada ya tone huku ukikoroga. Kivuli kitafifia hadi kipotee, ingawa msalaba bado upo. Kisha zungushia tochi bomba la karatasi nyeusi ili mwale uwe mwembamba, ulinganishe. Wanafunzi waelezwe kwamba maziwa huupindisha mwanga bila kuupunguzia nishati, ilhali katika mtawanyiko wa Compton nishati hupungua.

Maswali

1. Chanzo cha iridi-192 cha terabekereli 2 kiko wazi. Je, mtu aliye mita 20 hupata kiasi gani kwa saa?
2. Picha ilihitaji dakika 3. Je, itahitaji dakika ngapi baada ya siku 148?
3. Fundi amesogeza chanzo mbali mara mbili. Je, uwezo wa kila fotoni kupenya chuma umebadilika?

Majibu: (1) Milisiveti 0.65. (2) Dakika 12. (3) La, kilichopungua ni ukali, nao umekuwa robo.

Mwanafunzi anayeyajibu maswali haya kwa hakika amekwisha shika jambo kubwa zaidi ya hesabu. Viwanda, reli, mabomba na mabwawa ya umeme vitaendelea kujengwa katika nchi yetu, na vijana wetu ndio watakaochomelea, watakaokagua na watakaolinda. Anayejua tofauti ya ukali na nishati, na anayekumbuka kwamba mionzi hutawanyika, ataisoma picha kwa usahihi na ataijua hatari pasipo kungoja mwili wake umfundishe.